Kichwa imejaa mawazo? Chukua kaye, biki na kipande ya makala (mkaa)

Miye niko na kasekretaria kadogo pale Birere, Goma, mashini mbili za fotokopi, ordinatere moja yenye kuchoka na grupu yenye kupiga kelele kuliko zote. Jioni nikifunga nabaki na karatasi zenye kuharibika, ile mashini imekunja, ile tona imemwagika, ile mutu amerudisha ju jina yake imekosa herufi moja. Upande moja imechafuka, upande ingine nyeupe. Ku ile upande nyeupe njo nilianzia, na haya yote niko naandika hapa yametoka pale, haiko ku masomo kubwa, miye si munganga, ni mutu wa karatasi mwenye alisoma kidogo na kujaribu mingi.

Ilikuwa 2021. Tarehe 22 mwezi wa tano, siku ya posho magaribi, volkano ya Nyiragongo ikapasuka tukakimbia na watoto mugongoni, wengine njia ya Sake, wengine Gisenyi. Moto ya mulima ikashuka mpaka Buhene ikasimama. Kwangu haikufika. Na njo shida ilianzia hapo, ju mutu mwenye nyumba yake haikuungua ataanza je kulia mbele ya yule amebaki na funguo tu mukononi? Nikanyamaza. Lakini usiku kila Fuso ikipita barabarani na mabati ikitetemeka, miye niko tayari mulangoni. Nililala na viatu miguuni karibu miezi tatu. Bibi yangu alizoea, watoto walizoea, hata miye mwenyewe nilizoea, nikaona ni kawaida ya wanaume wa Goma.

Siku moja mvua, hakuna mteja, nikageuza karatasi nikaandika neno moja: viatu. Halafu nikaandika ju ya nini viatu. Nikafika kurasa mbili na biki inachana karatasi. Ile usiku nililala na soksi. Bibi akaniangalia akasema "Papa, leo uko mugonjwa?"

Mbele ya kuanza, ujue unaenda kutafuta nini

Hii kitu haiko uchawi na haiko mupya. Kuko mwalimu wa saikolojia kule Marekani, James Pennebaker, mu 1986 yeye na mwenzake Sandra Beall walitoa matokeo ya jaribio na wanafunzi wa chuo. Kuko wenye waliandika dakika 15 kila siku, siku 4 zenye kufuatana, ju ya jambo lenye liliwaumiza zaidi mu maisha, ile yenye ilitokea pamoja na vile walivyoisikia mu roho. Wengine wakaandika vitu vya bule tu vya kila siku. Sasa sikia vizuri, ju hapa njo watu wengi wanajidanganya: wale wenye waliandika maumivu walitoka na huzuni zaidi ile siku, haiko kidogo. Ni miezi yenye kufuata njo walionekana wanaenda kwa munganga mara chache kuliko wenzao. Mu 2006 Joanne Frattaroli akakusanya majaribio 146 za namna hii, akakuta faida iko, lakini ni ndogo.

Ndogo. Miye ile neno inanifurahisha, ju hapa kwetu tumeshazoea watu wenye kuahidi kubwa, maombi ya siku tatu na shida zote zinaisha, dawa ya chupa moja ya magonjwa arobaini. Kuandika ni sawa kukomba maji mu mutumbwi, ziwa haipungue, mutumbwi haiongeze mbio, lakini hauzame. Kama unaandika leo na unalala na huzuni usiseme imekataa. Ngoja siku chache mbele ya kuhukumu.

Na wale watasema "omba tu, kaye ya nini", miye naomba kila siku. Lakini fungua Zaburi ya 13 uone inaanza namna gani, ni mutu anauliza Mungu atamusahau mpaka lini. Mutu aliandika ile, na hakuna mwenye alimufukuza kanisani.

Siri utaiweka wapi mu nyumba ya mbao

Vitabu za Wazungu zinasema "tafuta fasi ya utulivu, nunua kaye nzuri". Sawa. Nyumba ya mbao, vyumba viwili, watu wanane, mu ukuta unasikia jirani anakohoa, utulivu utatoka wapi? Na kaye nzuri yenye maua ku ganda njo ya kwanza kufunguliwa, kila mutoto atataka kuona.

Hii nilijifunza vibaya. Nilikuwa na kaye moja nimeweka chini ya godoro, shemeki wangu alikuja kutembea siku mbili, akatandika kitanda, akaikuta, akasoma ukurasa moja tu, na ile ukurasa moja njo nilikuwa nimetukana mukubwa wangu ju ya feza ya kiwanja. Kumbe ile hasira ilishaisha zamani, ilibaki ku karatasi tu. Wiki nzima parsele yote inaongea, ikafika mpaka kwa shangazi kule Minova, tukakaa kikao, nikalipa soda za watu kumi na mbili. Tangu siku ile niko na namna yangu.

Sitafuti tena kaye, natumia karatasi moja moja, zile za fotokopi yenye kuharibika. Ukiwa hauna, toa ukurasa mu kaye ya mutoto yenye mwaka imeisha. Naandika mpaka chini, kisha nageuza karatasi ubavu, naandika tena juu ya ile mistari ya kwanza, moja inakata ingine sawa vile nyavu ya sambaza. Hakuna mutu atasoma ile, hata miye mwenyewe siwezi. Na hiyo si hasara ju kazi ya ile karatasi ilishaisha wakati biki ilikuwa inatembea. Kama kuko kitu unataka kuchunga, chunga mustari moja, uandike fasi ingine, uchome zingine.

Majina ya watu usiandike kamili, weka herufi moja ao jina ya kubandika. Na usiweke ku telefoni, ao kama unaweka futa, ju telefoni haiko ya mutu moja, watoto wanajua kode, inaibiwa, na kuko fasi unapita watu wanataka kuangalia mule ndani. Maandishi ya hasira mu telefoni ni mutego unajitegea mwenyewe.

Saa je? Chagua saa yenye hakuna mutu anaita jina lako. Kwangu ni saa kumi na moja ya asubuhi na tochi, mbele mama hajaamka kuwasha mbabula. Kuko mama moja muuzaji wa sombe aliniambia yeye anaandikia sokoni, anaweka karatasi ku kitabu ya deni, watu wote wanafikiri anahesabu. Hiyo nimeipenda sana.

Siku nne

Weka saa ya telefoni dakika 15. Mukono isisimame. Ukikosa neno andika "sijui niandike nini sijui niandike nini" mpaka ingine ije, itakuja, mawazo haipendi kuzarauliwa. Usifute, usitafute maandishi mazuri, hakuna mwalimu.

Ku luga, andika ile yenye unagombania nayo. Kuko wenye wanaanza na Kifaransa ju wanaona karatasi ni kitu ya masomo, unakuta mutu ameandika maumivu yake sawa vile barua ya kuomba kazi, karibu aweke na salamu za heshima chini. Kama unalia mu Kinande andika Kinande. Mashi, Kihavu, Kinyarwanda, Kiswahili ya hapa hapa yenye kuchanganya, yote inapita.

Siku ya kwanza eleza tu yenye ilitokea, sawa vile unaelezea motari mwenye hajui kitu, kutoka ku mwanzo. Vitu vyenye macho iliona na mukono ilishika. Yangu ilikuwa hivi, nakopi mustari mbili zenye nilichunga: "Nilibeba televizyo. Dawa za presyo za mama nikaziacha ku dirisha."

Basi. Ile njo ilikuwa chini ya viatu. Miezi tatu sikujua, nilifikiri ninaogopa volkano, na kumbe ilikuwa ile pakiti ya dawa ku dirisha. Ile siku nilifunga sekretaria mapema.

Siku ya pili, andika mwili. Fasi gani ndani inakaza, ni tumbo, ni shingo, ni meno. Roho ilisema nini ile saa. Hapa wanaume wanapenda kuandika "nilikasirika" na kupita, lakini ukikaa pale kidogo utakuta chini ya hasira kuko haya, ao woga, ao huruma yenye ilikosa fasi ya kwenda. Usikimbie. Dakika 15 si nyingi.

Siku ya tatu, tafuta "ju ya nini" na "njo maana". Hii haiko mawazo yangu, Pennebaker alihesabu maneno ya watu wenye waliandika na akaona wenye walipata nafuu ni wale wenye kila siku wanaongeza maneno ya sababu na ya kuelewa, haiko wale wenye wanarudia hadisi moja vile vile kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Kama siku ya tatu unaandika yaleyale neno kwa neno, simama, uko unazunguka sawa gari mu matope, gurudumu inachimba tu. Andika sasa: nilibeba televizyo ju ya nini? Ju niliilipia mwaka mzima. Ju ilikuwa karibu na mulango. Ju mukono inabeba mbele ya kichwa kufikiri.

Siku ya nne, toa "miye" uweke mutu mwingine. Andika ile jambo na macho ya mwingine mwenye alikuwa pale. Hii pia iko mu hesabu zake, wenye kubadilisha "miye" na "yeye" walifaidika zaidi. Nikaandika sawa vile mama anaongea: "Mutoto wangu alinishika mukono kutoka nyumbani mpaka Gisenyi, mukono ingine televizyo, na mutoto mwingine analia mugongoni kwake, na kila saa anaulizaka mama umechoka?" Nikasimama nikacheka peke yangu. Ju ni kweli, ilikuwa hivyo. Na mama yuko, dawa tulinunua zingine kesho yake, na ile televizyo njo anaangaliaka mpaka leo sauti juu.

Ukimaliza dakika zako, simama ufanye kitu na mikono, nawa uso, chota maji, fagia. Usikate shauri yoyote nusu saa ile, usitumie mutu meseji, sana sana ule mwenye ulikuwa unaandika ju yake. Nimeona ndoa inayumba ju ya meseji ya saa sita usiku yenye ilitoka ku roho ya kuandika.

Na kuko sheria moja ya Pennebaker mwenyewe yenye miye naweka juu ya zote: kama unasikia jambo fulani ukiiandika itakuvunja, usiiandike. Andika ingine. Pia kama jambo ni la wiki hii, maiti haijazikwa, risasi bado inasikika, acha kwanza. Kidonda yenye kutoka damu unaifunga, haufungue kuangalia ndani. Wakati ule chora tu, ao panga vyombo, ao kaa na watu.

Barua ya mutu mwenye hatasoma

Matanga ikiisha watu wanarudi kwao, viti vya kukodi vinarudi, na unabaki na maneno yenye hukusema. Hii ni fasi barua inafaa kuliko siku nne zile. Motari moja wa pale kwetu alikuja kufanya fotokopi ya karatasi za moto yake, ile pikipiki, akaona nikiandika, akauliza, nikamupa karatasi na biki kama mchezo. Yaya yake alikufa akiwa amemukopesha feza ya kununua ile moto. Akaandika amesimama, kofia ya moto iko ku kichwa, mistari mitatu tu, alinionyesha mwenyewe na amenipa ruhusa: "Yaya, moto nimelipa yote. Nimelipa mwezi wa nane. Nilikuwa nataka uone."

Akaikunja akaweka mu karatasi za moto. Anatembea nayo mu muji, na kila siku wanamuuliza dokima, anazitoa zote na barua iko katikati.

Namna ya kufanya: anza na jina lenye ulikuwa unamuita, si lile la ku karte. Sema kitu kimoja chenye kimetokea tangu aende. Sema kimoja chenye ulificha. Omba musamaha ao umutukane, vyote vinaruhusiwa, marehemu si wote walikuwa watu wazuri. Usimalize na maneno mazuri kama hayatoke.

Sasa makala

Kuko siku maneno inakataa kabisa. Na kuko watu, mama moja muzee aliniambia "Mwanangu, miye sikusoma, kaye yako ni ya nani?" Alikuwa na haki. Kwake na kwa ile siku yako ya kukosa maneno, kuko makala.

Asubuhi mbele ya kuwasha, angalia mu majivu ya mbabula, utakuta vipande vidogo vyenye havikuungua vikamalizika. Chukua kile chepesi, urefu ya kidole, chenye kikigongwa kinalia kama kioo kidogo. Kile kizito chenye bado ni kahawia ndani kinakwangua karatasi hakiandike. Pangusa majivu. Karatasi ya fotokopi inateleza kidogo, karatasi ya ganda ya kaye ao katoni iliyochanwa inakamata vizuri zaidi.

Usishike kama biki. Laza makala ubavu, uvute ku karatasi, itatoa nyeusi pana kama moshi. Sasa pitisha kidole, itakuwa kijivu. Kaza, nyeusi kabisa. Ukitaka mwanga, kamata kipande ya mkate ndani, ile laini, uifinye iwe kadonge, uisukume pale, itakula nyeusi na nyeupe itarudi. Ndiyo, ni hasara ya mkate, kamata kadogo. Kwa mwanzo usichore kitu. Jaza karatasi yote nyeusi, kisha na mkate na kidole tafuta mwanga ndani. Hii njo ninapenda kuliko zote, ju unaanza na giza yenye iko tayari, na kazi yako ni kufungua tu. Mara ya kwanza nilifungua kadirisha. Nilikuwa sikukusudia.

Watakuambia hujui kuchora. Kule Lubumbashi, miaka ya 1940 na 1950, kulikuwa mchoraji mukubwa, Bela, alikuwa anachora na vidole vyake, pinseli hapana, na picha zake zilifika Ulaya. Na haiko lazima uwe Bela. Mu 2016 wachunguzi wa chuo cha Drexel, Marekani, walikalisha watu wakubwa 39 dakika 45 na karatasi, udongo na rangi, wakapima mate yao mbele na kisha, kutafuta kotizoli, ile homoni ya stresi. Karibu watu watatu ku wanne ilishuka. Na wenye kujua kuchora hawakupita wenye hawajue. Basi ile sababu ya "sina talanta" imekufa tangu 2016.

Vingine vya kufanya na makala siku ya mawazo: chora mukono wako wa kushoto bila kuangalia karatasi, macho iko ku mukono tu, kila kunjo, kila kovu, pole pole. Itatoka mbaya na utacheka, lakini dakika kumi zile kichwa haikuenda fasi ingine. Ao chora mawazo yako kama munyama, iko na miguu ngapi, inakula nini, inalala fasi gani mu nyumba. Mama yule muzee alichora kitu kama kuku yenye meno. Nikauliza "Mama, hii ni nini?" akasema "Ni deni."

Na watoto

Hapa nitaenda taratibu. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, siku zile za masasi mu muji, umeme hakuna, maji hakuna, tulikuwa chini ya magodoro na watoto watano, wangu na wa jirani. Ukiwa na watoto fasi moja siku tatu utatafuta kitu. Nilikuwa na rami moja ya karatasi nyumbani na makala.

Kosa nililofanya kwanza: niliwaambia "chora chenye kinakuogopesha". Mutoto wa jirani alianza kutetemeka akaacha. Usifanye hivyo, mutoto hana fasi ya kuweka ile kitu kama haujamutengenezea kwanza fasi ya kusimama. Baadaye nilikuja kujua kuko namna nzuri, inaitwa Mti wa Uzima, ilitengenezwa na mwanamke wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, pamoja na David Denborough wa Australia, kwa ajili ya watoto wenye walifiwa na wazazi ju ya sida (ukimwi). Na nguvu yake ni mpango: hauanze na shida.

Mutoto anachora mti. Ku mizizi anaweka fasi ametoka, kijiji ya babu, wimbo wa nyumbani, chakula chenye bibi anapika. Ku udongo, vitu anavyofanya kila siku. Ku shina, vyenye anajua kufanya, na hapa mukubwa anasaidia, "weye unajua kubembeleza mutoto akalala, andika". Matawi ni vyenye anataka. Majani ni watu wenye wanamupenda, na wafu wanaingia pia, jani haianguke ju mutu amekufa. Matunda ni vitu vizuri wengine walimupa. Kisha munabandika miti yote ku ukuta pamoja, inakuwa pori. Ni wakati ule tu munaweza kuongea ju ya upepo na zoruba, zenye zinagonga miti yote, na kuulizana miti inafanyaka nini zoruba ikija.

Kisha tulifanya hii na wale watoto, pole pole, siku mbili. Ule wa jirani ku mizizi aliweka ng'ombe ya babu yake kule Masisi, na jina yake ng'ombe, na alituelezea tabia ya ile ng'ombe nusu saa nzima.

Usiulize mutoto "hii ni nini?" kama polisi. Sema "nielezee". Akikataa, sawa. Na usianze kutafsiri rangi, eti amechora nyeusi ana shida. Kwetu kila kitu ni nyeusi, ni makala.

Wakati kaye haitoshi

Kuko vitu karatasi haiwezi. Kama wiki mbili zimepita hulali, ao hauli, ao unasikia sauti, ao kanyanga, ile pombe kali, imekuwa chai yako ya asubuhi, ao unaandika na unakuta unaandika namna ya kufa, acha biki uende kwa mutu leo, haiko kesho. Mwambie kwanza mutu moja wa nyumbani asikuache peke yako. Mu santre ya afya uliza APS, ule mufanyakazi wa kusikiliza watu wenye mawazo, haiko lazima ueleze yote ku mulango, sema tu "sina usingizi, mawazo imenishinda". Kwa magonjwa ya akili kuko pia Tulizo Letu hapa Goma, ya Wafrere wa Charité. Watu wanasema kule ni kwa wazimu. Watu wanasema mingi. Na kama ulibakwa ao ulipigwa, usianze peke yako na zile siku nne nilizoandika hapo juu, anza na mutu mwenye amesomea, karatasi itakuja nyuma.

Karatasi zikijaa

Usichunge zote. Miye ninachoma kila mwisho wa mwezi, nabakisha mistari zangu mbili tatu. Kama unachomea ku mbabula toa sufuria kwanza, na ufanyie inje, karatasi yenye tona inatoa moshi yenye harufu mbaya na maharagi itaikamata, nilishakulisha watu hasira yangu mara moja na wakauliza nimeweka nini. Weka moja moja, ukisukuma rundo nzima katikati haiungue, unabaki na kurasa zenye kusomeka vizuri kabisa, na shemeki akija Jumapili unajua vile itaenda.